Kufyonza makohozi ICU: Mkono unaookoa ndio unaoweza kuambukiza

WANAOPATA ruhusa ya kuingia katika chumba cha wagonjwa mahututi, maarufu kwa jina la ICU, aghalabu macho yao huvutwa na mashine ya kupumulia. Hutazama taa zake, namba zinazopanda na kushuka, na kifua cha mgonjwa kinachoinuka kwa kufuata mdundo wa mashine hiyo.

Ni wachache wanaouona mrija mwembamba wa plastiki ambao muuguzi huutoa katika pakiti yake, akauteremsha ndani ya njia ya hewa ya mgonjwa kwa sekunde chache, kisha akautupa.

Mrija huo ni katheta ya kufyonzea makohozi. Bei yake haikaribii hata chembe bei ya mashine iliyo pembeni yake. Hata hivyo, namna unavyoshikwa, unavyoingizwa na unavyotupwa ni miongoni mwa mambo yanayoamua kama mgonjwa aliyelazwa kwa jeraha la kichwa ataondoka na jeraha hilo tu, au atapata na homa ya mapafu aliyoikuta humo humo hospitalini.

Hapo ndipo ilipo taabu ya jambo hili. Mgonjwa aliye katika mashine hawezi kuishi bila ya kufyonzwa makohozi, na tendo hilo hilo linaweza kuwa mlango wa bakteria kuingia katika mapafu yake.

Kwa wakazi wa Unguja suala hili si geni wala si la mbali. Hospitali ya Mnazi Mmoja, iliyopo kando ya bahari ukingoni mwa Mji Mkongwe, na ambayo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ilijulikana kwa jina la V. I. Lenin, imekuwa ikipokea wagonjwa wazito kutoka kila pembe ya kisiwa na hata kutoka Pemba. Mwaka 2014 ilifunguliwa hospitalini hapo taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo kwa msaada wa Taasisi ya NED ya Hispania, na mwaka 2023 ikafunguliwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Lumumba.

Kila hatua ya namna hiyo huongeza idadi ya watu wanaoweza kuokolewa. Majeruhi wa ajali ya vespa au bodaboda, mama aliyeshikwa na kifafa cha mimba, mzee aliyepatwa na kiharusi, wote hao huenda wakahitaji mashine ya kupumulia kwa siku kadhaa. Na kila anayewekwa katika mashine huanza, siku hiyo hiyo, kuhitaji mtu wa kumfyonza makohozi.

Kinachofanywa na kikohozi

Mtu mzima mwenye afya hutoa ute katika njia zake za hewa mchana na usiku bila ya kujijua. Ute huo hunasa vumbi na vijidudu, na vinyweleo vidogo mno vilivyotanda ndani ya njia hizo huusukuma kuelekea juu, ukafika kooni na kumezwa. Kinachobaki huondolewa na kikohozi.

Mgonjwa aliye katika mashine hupoteza karibu ulinzi huo wote kwa mara moja. Mrija unaopitishwa mdomoni hadi ndani ya njia ya hewa huruka pua, ambayo kazi yake ni kuchuja hewa na kuitia unyevu. Hupita katikati ya nyuzi za sauti na kuziweka wazi. Dawa za usingizi nazo humnyima nguvu za kukohoa. Makohozi hurundikana, yakawa mazito, na yasipotolewa huweza kuuziba mrija wenyewe. Kwa mgonjwa wa namna hiyo dakika chache za kuziba zinatosha kumaliza uhai.

Ufundi huu wa kumpumulia mgonjwa kupitia mrija ulipata sura yake ya kisasa mjini Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, wakati wa mlipuko mkubwa wa ugonjwa wa polio. Mashine za wakati huo zilizomzunguka mgonjwa mwili mzima zilikuwa chache mno. Mwezi Agosti mwaka huo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho atobolewe koo, awekwe mrija na apumuliwe kwa mfuko wa kuminywa kwa mkono. Msichana huyo alinusurika.

Baada ya hapo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu wakiminya mifuko hiyo usiku na mchana, na vifo vya waliopooza misuli ya kupumua vikapungua kwa zaidi ya nusu. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba mrija ule ulitoa nafasi mbili: ya kupitishia hewa na ya kufyonzea makohozi yaliyokuwa yakiwazamisha wagonjwa hao wakiwa vitandani mwao. Nafasi ya pili haikuwa na umuhimu mdogo kuliko ya kwanza.

Nimonia inayozaliwa wodini

Homa ya mapafu inayompata mgonjwa baada ya saa 48 au zaidi tangu awekewe mrija wa mashine ya kupumulia huhesabiwa kuwa ni ya mashine. Jina hilo huwapotosha wengi wakadhani kwamba mashine yenyewe ndiyo inayotoa vijidudu. Mara nyingi sivyo.

Karibu na ncha ya mrija lipo puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba nafasi kati ya mrija na ukuta wa njia ya hewa. Mate na majimaji kutoka mdomoni, na mara nyingine yanayopanda kutoka tumboni, hutuama juu ya puto hilo kama maji yanavyotuama juu ya paa bovu. Polepole hupenya kandokando yake na kushuka mapafuni, yakiwa yamebeba bakteria wa kinywani.

Ndani ya mrija nako hujengeka utando. Bakteria hushikamana na plastiki na kujifunika kwa ute wao, wakawa katika ngome ambayo dawa haipenyi kwa urahisi. Kila katheta inapopita ndani ya mrija huweza kukwangua vipande vya utando huo na kuvisukuma chini zaidi.

Ndiyo maana wataalamu wameacha ile desturi ya zamani ya kumwagia maji ya chumvi ndani ya mrija kila kabla ya kufyonza, kwa nia ya kulainisha makohozi. Maji hayo hayachanganyiki na makohozi mazito kwa namna iliyodhaniwa, hupunguza oksijeni ya mgonjwa kwa muda, na huweza kuusafirisha utando huo hadi ndani kabisa ya mapafu. Miongozo ya sasa haishauri yatumike kama jambo la kawaida.

Njia ya tatu ya maambukizo ni mkono wa mhudumu. Muuguzi aliyetoka kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha kwanza, akagusa kitasa cha mlango, akarekebisha kitufe cha mashine, kisha akashika katheta ya mgonjwa wa kitanda cha tatu, amewakutanisha wagonjwa wawili wasiojuana.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilieleza kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa katika hospitali za huduma za dharura na matibabu mazito, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja wakiwa hospitalini. Kwa wagonjwa wa ICU kiwango hicho huweza kukaribia 30 katika kila 100.

Hapa Unguja kuna utafiti ambao watoa huduma wanastahili kuukumbuka. Katika miaka ya 2012 na 2013 watafiti walichunguza damu za wagonjwa waliolazwa Mnazi Mmoja wakiwa na dalili za maambukizo makali. Kati ya wagonjwa 469 waliopata majibu yaliyokamilika, takriban 14 katika kila 100 walikutwa na vijidudu ndani ya damu, na aliyeongoza alikuwa bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae. Baadhi ya bakteria hao walikuwa wameshakuwa sugu kwa dawa zinazotegemewa.

Utafiti huo ulihusu damu na si mapafu ya walio katika mashine. Lakini Klebsiella ni miongoni mwa vijidudu vinavyojulikana duniani kote kwa kupenda mirija ya plastiki na mikono ya wahudumu, na mgonjwa wa ICU anapoambukizwa bakteria sugu, daktari hubakiwa na dawa chache, za gharama kubwa na nyengine zenye madhara kwa figo.

Katika hospitali nne kubwa za rufaa za Tanzania Bara, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionesha kwamba zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100 waliolazwa ICU walifariki. Wengi wao walifika wakiwa na hali mbaya tayari. Ambukizo la ziada kwa mtu wa aina hiyo ni mzigo juu ya mzigo.

Sekunde kumi na tano

Kufyonza makohozi kwa usahihi huanza na swali kama kuna haja ya kufanya hivyo. Zamani ilikuwa ni kwa saa: kila baada ya saa mbili, mgonjwa ahitaji asihitaji. Siku hizi muuguzi hutakiwa asikilize kifua, atazame mashine na kiwango cha oksijeni, kisha afyonze pale tu makohozi yanapokuwapo. Kila kufyonza kusikokuwa na sababu ni safari moja zaidi ya katheta ndani ya mapafu, na utando laini wa njia ya hewa huchubuka kwa mikwaruzo ya mara kwa mara.

Ikishathibitika kuwa haja ipo, mikono ndiyo ya kwanza. Kuosha kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60, na kupaka kitakasa mikono chenye spiriti huchukua 20 hadi 30. Aliyewaonesha madaktari wa Vienna mwaka 1847 kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikiwaua wazazi wodini, Ignaz Semmelweis, alidharauliwa na wengi wa wenzake. Leo hakuna daktari anayempinga, ila kumkubali kwa mdomo na kumfuata saa tisa za usiku, zamu ikiwa na wagonjwa watatu wanaopiga kengele kwa pamoja, ni mambo mawili tofauti.

Mgonjwa huambiwa kinachokuja, hata kama anaonekana hajitambui, kwa kuwa wapo wanaosikia. Huongezewa oksijeni kwa muda mfupi ili awe na akiba. Muuguzi huvaa glavu zilizotakaswa, barakoa na kinga ya macho, akafungua pakiti ya katheta bila ya kuiacha ncha yake iguse shuka, kifua cha mgonjwa wala ukingo wa kitanda.

Ukubwa wa katheta nao una hesabu yake. Kwa mtu mzima unene wake wa nje usizidi nusu ya upana wa ndani wa mrija. Mrija wenye upana wa milimita 8 huhitaji katheta isiyozidi milimita 4, ambayo katika pakiti huandikwa namba 12. Ikiwa nene zaidi, hewa haipati pa kupita na pafu huweza kunywea.

Katheta huteremshwa bila ya kuvuta. Ikifika kwenye njia panda ya mapafu na kugusa kizuizi hurudishwa nyuma kidogo, na ufyonzaji hufanyika wakati wa kuitoa tu, kwa shinikizo la chini kadiri linavyotosha. Tendo zima lisizidi sekunde 15. Wakufunzi wengi huwashauri wanafunzi wazuie pumzi zao wenyewe tangu katheta inapoingia: anayefyonza akihisi anataka kuvuta hewa, na mgonjwa pia anaitaka.

Baada ya hapo katheta hutupwa. Katika pakiti za vifaa vya namna hii huwapo alama ya tarakimu 2 ndani ya duara, iliyokatwa kwa mstari. Maana yake ni kwamba kifaa hakitumiki mara ya pili. Kuiloweka katheta katika dawa ya kuulia vijidudu na kuirudisha kazini hakuifanyi kuwa mpya, kwa kuwa dawa haifiki ipasavyo ndani ya tundu jembamba lenye mabaki ya makohozi.

Kosa jengine lililo rahisi kutokea ni la kufyonza mdomo kwanza kisha, kwa katheta ile ile, kuingia mapafuni. Kinywa cha mgonjwa mahututi kina bakteria wengi kuliko mapafu yake. Anayekwenda kinyume cha utaratibu huo huwa amewapandisha bakteria hao gari hadi mlangoni.

Chupa ya maji

Kipo kitu kimoja kidogo mno ambacho hutiliwa shaka na wataalamu wa kudhibiti maambukizo kila waingiapo wodini: chupa ya maji ya kusuuzia mpira wa mashine ya kufyonza.

Maji hayo yakifunguliwa asubuhi na kuachwa wazi hadi jioni, yakatumiwa kwa zaidi ya mgonjwa mmoja, huwa ni bwawa la kufugia bakteria. Pseudomonas aeruginosa, mmoja wa maadui wakubwa wa wagonjwa wa mashine, hahitaji chakula kingi. Unyevu unamtosha. Katika hali ya hewa ya Unguja, ambako msimu wa masika hata nguo iliyoanikwa ukumbini haikauki kwa siku mbili, kila chombo kinachoachwa na majimaji ni makazi yake: chupa ya kusuuzia, chombo cha kukusanyia makohozi, mipira ya mashine iliyooshwa lakini haikukaushwa, hata beseni la kunawia.

Asiyeamini kwamba unyevu mdogo unaweza kuua na aitazame Norway, nchi ambayo hospitali yake ya Haukeland ya mjini Bergen imekuwa na ushirikiano wa miaka mingi na Mnazi Mmoja. Katika miaka ya 2001 na 2002 hospitali za nchi hiyo tajiri zilikumbwa na mlipuko wa Pseudomonas. Wagonjwa 231 katika hospitali 24 walithibitika kuwa na bakteria wa ukoo mmoja, na 71 kati yao walifariki wakiwa hospitalini, wote wakiwa na magonjwa mazito ya msingi.

Chanzo hakikuwa mashine wala dawa. Kilikuwa ni vijiti vyenye sponji lililoloweshwa tayari, vilivyotumika kusafishia vinywa vya wagonjwa. Vilichafuliwa kiwandani, vikasambazwa nchi nzima, na vikaingizwa na mikono safi kabisa katika midomo ya watu waliokuwa na mirija kooni. Wauguzi walifanya kazi yao kama walivyofundishwa. Kifaa chenyewe, kilichokuwa na unyevu na kisichotakaswa, ndicho kilichowaangusha.

Tukio hilo halina maana kwamba kinywa kisisafishwe. Kinyume chake, uchambuzi wa tafiti 15 uliochapishwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 ulionesha kuwa kusafisha meno kwa mswaki kunapunguza homa ya mapafu ya hospitalini, hasa kwa walio katika mashine. Wakati huo huo dawa ya kusukutulia iliyotukuzwa kwa miaka mingi, klorheksidini, imeanza kuwekwa kando katika miongozo mipya kutokana na shaka juu ya usalama wake. Kwa hiyo mswaki wa kawaida, ambao hapa Zanzibar una historia ndefu kuliko hospitali zote, umerudi kwa heshima katika ICU.

Katheta ya ndani ya mfuko

Kuna aina ya pili ya ufyonzaji, ambapo katheta imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuunganishwa moja kwa moja na mrija wa mashine. Mgonjwa hatenganishwi na mashine, na makohozi hayarukii hewani. Hubaki mahali pake kwa muda mrefu na hutumika mara nyingi kwa mgonjwa yule yule.

Wauzaji huisifu kwamba inazuia nimonia. Uchambuzi wa majaribio 16 yaliyohusu wagonjwa 1,684, uliochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2007, haukuona tofauti ya maana ya nimonia wala ya vifo kati ya njia hiyo na njia ya wazi.

Faida yake kubwa ipo kwa mhudumu. Wakati wa ugonjwa wa SARS mwaka 2003, wahudumu waliosaidia kuwawekea wagonjwa mirija ya kupumulia mjini Toronto, Canada, walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Uviko-19 ulipoingia mwaka 2020 somo hilo lilirudi kwa kishindo. Kifua kikuu nacho, ambacho hakijaondoka katika visiwa hivi, husafiri kwa hewa hiyo hiyo. Kwa mgonjwa wa aina hizo katheta iliyofungwa ina thamani yake, na kwa wengine, hospitali yenye fedha kidogo haijidhulumu ikibaki na njia ya wazi iliyofanywa kwa usafi.

Umeme, maji na hesabu ya katheta

Wakazi wa Unguja hawajasahau kiza cha mwaka 2008, wakati hitilafu ya umeme unaotoka Tanzania Bara kupitia chini ya bahari ilipokiacha kisiwa bila ya umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja, wala kile cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kilichodumu kwa miezi mitatu. Umeme ulipokatika, pampu za maji nazo zilisimama, na mitaani watu wakarudi kwenye visima na ndoo.

Waya mpya wenye uwezo mkubwa zaidi ulianza kazi mwaka 2013. Hata hivyo, ICU haipangwi kwa kutegemea siku njema. Mashine ya kufyonza isiyokuwa na betri au ile ya kukanyaga kwa mguu pembeni yake ni mashine ya nusu siku. Na wodi ambayo usafi wa mikono yake unategemea bomba pekee, husimama siku bomba linapokauka.

Kwa sababu hiyo WHO ilitoa kanuni ya kutengeneza kitakasa mikono katika duka la dawa la hospitali: spiriti kiasi cha asilimia 80, gliserini kidogo ili ngozi isipasuke, haidrojeni peroksaidi na maji yaliyochemshwa yakapozwa. Si kazi ya kiwanda kikubwa.

Katheta nazo zina hesabu. Chukua mfano wa mgonjwa anayehitaji kufyonzwa mara 8 kwa siku: kwa siku 10 atatumia katheta 80. Vitanda vinne vikijaa ni katheta 32 kwa siku, na 960 kwa mwezi, pamoja na glavu zake. Mashine ya kupumulia hupokelewa bandarini kwa hotuba na picha, na haijapata kutokea sherehe ya kupokea katoni ya katheta. Lakini wodi yenye mashine mpya na ghala tupu humlazimisha muuguzi kuchagua kati ya makosa mawili, kutofyonza au kurudia katheta iliyokwishatumika, na hakuna semina inayoweza kumtoa hapo.

Idadi ya wauguzi ni sehemu ya hesabu hiyo hiyo. Kiwango kinachopendekezwa kwa wagonjwa wa mashine ni muuguzi mmoja kwa mgonjwa mmoja au wawili. Utafiti juu ya wauguzi wa ICU nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta wastani wa alama zisizofika 4 kati ya 10 katika maswali kuhusu kuzuia nimonia ya mashine, na wauguzi wenyewe wakataja upungufu wa ujuzi na upungufu wa wafanyakazi kuwa ndivyo vikwazo vikubwa. Alama hizo zisisomwe kuwa ni uvivu. Mambo yanayoulizwa humo, ikiwemo lile la maji ya chumvi, yamebadilika baada ya wengi wao kumaliza masomo.

Jamaa kitandani

Zanzibar mgonjwa haachwi peke yake. Ukoo hujaa nje ya wodi, na kila mmoja angependa kumshika mkono. Kizuizi cha mlango wa ICU huonekana kwa wengine kuwa ni ukatili, wakati sababu yake ni ile ile ya mikono. Anayeruhusiwa kuingia hutakiwa anawe kabla ya kumgusa mgonjwa na anapotoka, asiguse mrija wala mipira ya mashine, na asikae juu ya kitanda.

Lipo na jambo linalohitaji kuzungumzwa kwa adabu. Jamaa wengi hutamani kumtilia mgonjwa wao matone ya maji ya zamzam au kombe mdomoni. Mgonjwa aliye na mrija hamezi. Matone hayo hutuama juu ya lile puto, kisha hushuka mapafuni. Kumsomea dua na Qurani hakuna kizuizi chochote, na anayetaka kumpangusa paji la uso amuulize kwanza muuguzi wa zamu.

Jamaa anaweza pia kutazama kama kichwa cha kitanda kimeinuliwa. Mgonjwa wa mashine, pasipo sababu ya kitabibu ya kumzuia, hulazwa kwa mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45 ili yaliyomo tumboni yasipande. Akimkuta amelala chali kabisa, kuuliza kwa upole ni haki yake, na huenda akajibiwa kwamba uti wa mgongo umeumia.

Swali jengine la kuuliza ni hili: lini ataondolewa katika mashine? Kila siku moja inayopungua ya kuwa na mrija ni siku moja iliyopungua ya hatari, na kwa hiyo ICU nyingi hupunguza dawa za usingizi kila asubuhi ili kupima kama mgonjwa anaweza kupumua mwenyewe.

Siku akiweza, huketishwa wima. Muuguzi humfyonza mapafuni kwa mara ya mwisho kwa katheta mpya, akabadilisha, akamfyonza mdomoni hadi juu ya puto ili kilichotuama kisiporomoke. Kisha puto hutolewa hewa, mrija huvutwa, na mgonjwa huambiwa akohoe.